Jani Linaposhindwa Kutengeneza Chakula: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Mtu anapoona majani ya mmea wake yamegeuka manjano, jambo la kwanza analolifikiria kwa kawaida ni mbolea. Huenda akawa amepatia, lakini mara nyingi huwa ametoa jibu kabla ya kuuliza swali. Mbolea si chakula cha mmea, bali ni malighafi chache ambazo mmea huzihitaji ili kujenga na kutunza mtambo wake wa kutengenezea chakula. Chakula chenyewe, yaani sukari, hutengenezwa ndani ya jani kwa kutumia maji, hewa ya ukaa na nguvu ya mwanga, na kazi hiyo ndiyo inayoitwa usanisinuru.

Jan Baptista van Helmont, mtafiti wa karne ya 17, alipanda mche wa mti katika chombo chenye takriban kilo 90 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, ilhali udongo ulipungua kwa takriban gramu 57. Yeye alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji, na hapo alikosea, kwa sababu hakujua kwamba mmea hutumia hewa ya ukaa. Hata hivyo mizani yake ilionyesha wazi kwamba mwili wa mmea hautoki kwenye udongo. Zile gramu 57 ndizo eneo la mbolea. Zina umuhimu mkubwa, kama tutakavyoona, lakini haziwezi kuziba pengo la mwanga, la maji wala la hewa.

Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana kwa macho, kisha unairudisha kwenye hatua ya kazi iliyokwama. Jani lina namna chache za kulalamika: hupauka, hunyauka, hukauka, hudumaa au hubadilika rangi. Vyanzo ni vingi kuliko dalili, na kwa sababu hiyo dalili moja peke yake haitoshi kumpeleka mtu dukani.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Maji hupanda kutoka mizizini kupitia mishipa ya zailemu hadi kwenye jani. Hewa ya ukaa huingia kupitia vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, ambavyo katika mimea mingi vimejaa zaidi upande wa chini wa jani. Ndani ya seli za jani kuna vichembe vya kijani viitwavyo kloroplasti, na ndani ya vichembe hivyo mna klorofili, rangi inayofyonza mwanga mwekundu na wa buluu na kuuacha sehemu kubwa ya ule wa kijani urudi machoni petu.

Kazi hufanyika kwa hatua mbili. Katika ya kwanza, nguvu ya mwanga huyapasua maji. Oksijeni hutoka nje, na nguvu iliyopatikana huhifadhiwa kwa muda katika molekuli maalumu. Oksijeni hiyo hutoka kwenye maji na si kwenye hewa ya ukaa, jambo lililothibitishwa mwaka 1941 na Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao kwa kutumia oksijeni nzito kama alama ya kufuatilia. Katika hatua ya pili, kimeng'enya kiitwacho rubisko hukamata hewa ya ukaa na kuiingiza katika mzunguko unaozalisha sukari. Sukari hiyo hupitia njia mbili: sehemu hugeuzwa kuwa wanga na kuwekwa akiba ndani ya jani mchana, kisha huvunjwa usiku, sehemu nyingine husafirishwa moja kwa moja kupitia mishipa ya floemu kwenda mizizini, kwenye machipukizi, kwenye maua na kwenye matunda.

Ni vizuri msomaji akumbuke usafirishaji huo, kwa kuwa wengi huusahau. Jani lenye mwanga, maji na virutubisho vyote bado linaweza kusimamisha kazi endapo sukari yake haina pa kwenda.

Tazama kwanza ni jani lipi lililoanza

Kabla ya kumwaga, kunyunyiza au kuhamisha chochote, simama mbele ya mmea na uangalie ni majani ya umri gani yaliyoathirika. Hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko mengine yote, na jibu lake halihitaji kifaa chochote.

Sababu yake ni kwamba virutubisho havina tabia moja ndani ya mmea. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu vinaweza kung'olewa kutoka kwenye jani kuukuu na kupelekwa kwenye chipukizi. Vikipungua, mmea huyatoa sadaka majani ya chini ili ya juu yaishi. Chuma, kalisi na boroni, kwa upande mwingine, vikishatua mahali havihami kwa urahisi, na salfa nayo huhama kwa shida; vikipungua, jani changa ndilo linaloathirika kwanza huku majani ya zamani yakiendelea kuwa na rangi nzuri. Kwa hiyo manjano ya chini na manjano ya juu ni matatizo mawili tofauti, hata kama rangi yenyewe inafanana kabisa.

Swali linalofuata ni mpangilio wa rangi: je, jani limepauka lote kwa usawa, limepauka kati ya mishipa tu, au limeungua kingoni? Swali la mwisho ni la muda. Upungufu wa virutubisho hujitokeza polepole kwa majuma; mabadiliko ya siku moja au mbili huelekeza kwenye maji, jua kali, baridi au kemikali.

Majani ya chini yanapauka, ya juu ni mazima

Kama jani kuukuu limepauka lote kwa usawa, mishipa pamoja na nyama yake, mshukiwa wa kwanza ni naitrojeni. Kila molekuli ya klorofili ina atomi 4 za naitrojeni, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Rubisko, kile kimeng'enya kinachokamata hewa ya ukaa, hufanya kazi kwa uvivu wa kushangaza, na mmea hufidia uvivu huo kwa kukitengeneza kwa wingi mno, kiasi kwamba katika mimea mingi kinaweza kufikia karibu nusu ya protini zote zinazoyeyuka ndani ya jani. Protini haijengwi bila naitrojeni. Ndiyo maana mmea wenye njaa ya naitrojeni hupoteza rangi na kasi ya ukuaji kwa pamoja, na ndiyo maana pia mboji, samadi iliyooza vizuri au mbolea yenye naitrojeni huleta mabadiliko ya haraka pale chanzo kinapokuwa hicho kweli.

Kama mishipa imebaki kijani na sehemu zilizo kati yake zimekuwa manjano, fikiria magnesiamu. Atomi moja ya magnesiamu hukaa katikati kabisa ya molekuli ya klorofili, nayo ikikosekana molekuli haikamiliki. Upungufu huu hutokea sana kwenye udongo wa kichanga na wenye asidi, ambako mvua huifua magnesiamu na kuipeleka chini. Hutokea pia, na hapa wakulima wenye bidii huumia bila kujua, pale potasiamu inapowekwa kupita kiasi, kwa sababu mzizi hupokea potasiamu na kuiacha magnesiamu nje. Katika hali hiyo kuongeza mbolea ya mchanganyiko yenye potasiamu nyingi huzidisha manjano badala ya kuyatibu. Salfeti ya magnesiamu iliyoyeyushwa kwenye maji husaidia, na kwenye udongo wenye asidi chokaa yenye magnesiamu hutibu matatizo mawili kwa mpigo.

Kama kingo za majani ya chini zimekauka na kuwa kahawia ilhali katikati bado ni kijani, potasiamu yenyewe ndiyo inayotiliwa shaka. Kirutubisho hiki huendesha kufunguka na kufungika kwa stomata, hivyo mmea uliopungukiwa nacho hushindwa kudhibiti upotevu wa maji. Ila kingo zilizoungua huweza kusababishwa pia na chumvi iliyorundikana kwenye udongo wa chungu. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, usiongeze mbolea yoyote, bali mwaga maji mengi safi hadi yatiririke chini kwa muda.

Yapo pia majani ya chini yanayokufa kwa uzee au kwa kufunikwa na kivuli cha majani ya juu. Jani lisilopata mwanga wa kutosha hutumia sukari nyingi zaidi kwa kupumua kuliko ile linayoitengeneza, na mmea hulitupa. Moja au mawili kwa wakati, kwenye mmea unaoendelea kutoa majani mapya yenye afya, si tatizo.

Majani machanga yanapauka, mishipa imebaki kijani

Hapa mshukiwa mkuu ni chuma. Chuma hakimo ndani ya molekuli ya klorofili, lakini bila chuma mmea hauwezi kuitengeneza, na pia msururu wa protini unaopitisha elektroni katika hatua ya kwanza ya usanisinuru umejaa chuma. Upungufu ukizidi, jani changa huwa jeupe karibu kabisa, likiwa na mistari myembamba ya kijani mithili ya wavu.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba udongo wenyewe mara nyingi una chuma tele. Tatizo huwa ni kwamba hakiyeyuki. Kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi au alkali ya udongo, kikipanda juu ya takriban 7.5, chuma hugeuka kuwa katika hali ambayo mizizi ya mimea mingi haiwezi kuipokea. Chokaa iliyomwagwa kwa ukarimu, au maji ya kumwagilia yenye bikaboneti nyingi, huipandisha pH ya udongo taratibu hadi siku majani mapya yanapotoka manjano. Kufukia misumari yenye kutu kando ya shina, dawa ambayo imerithiwa na vizazi, hakusaidii kwenye udongo wa namna hiyo, kwa kuwa kutu ni hicho hicho chuma kisichoyeyuka. Kinachosaidia ni kupima pH, kuacha chokaa, kuishusha pH ya udongo kwa salfa au mboji kwa muda mrefu, na wakati huo huo kutumia chuma cha cheleti, yaani chuma kilichofungwa ndani ya molekuli inayokizuia kugeuka kutu.

Manganisi huonyesha dalili inayokaribiana na hiyo, ingawa mpaka kati ya kijani na manjano huwa hafifu zaidi, na vidoa vidogo vya kahawia huweza kufuata. Kazi yake ni ya pekee: mahali hasa ambapo maji hupasuliwa pana atomi 4 za manganisi na moja ya kalisi. Jani changa likipauka lote kwa usawa bila mishipa kubaki kijani, fikiria salfa.

Mmea umenyauka ilhali udongo umelowa

Mimi mwenyewe niliwahi kuua mmea wa chungu kwa huruma. Ulinyauka, nikaumwagilia, kesho yake ulinyauka zaidi, nikaongeza. Nilipoung'oa baada ya wiki mbili hivi, mizizi ilikuwa myeusi, laini na yenye harufu mbaya, na ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa ukifa kwa kiu ukiwa ndani ya maji.

Mizizi haitengenezi chakula. Huletewa sukari kutoka kwenye majani na kuichoma kwa oksijeni iliyomo kwenye nafasi za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo, oksijeni huisha, mizizi hushindwa kufanya kazi na baadaye huoza. Mmea usioweza kuvuta maji hufunga stomata ili kuokoa yale machache yaliyobaki. Mlango huo wa kuzuia maji yasitoke ndio huo huo unaoingiza hewa ya ukaa, hivyo kazi ya usanisinuru husimama ingawa jua linawaka na klorofili ipo. Baada ya siku kadhaa majani ya chini huwa manjano, na mtazamaji asiyepima udongo hudhani kuwa ni njaa ya naitrojeni. Kwa kiasi fulani huwa kweli, maana mizizi iliyokufa haivuti chochote, lakini mbolea itakayomwagwa hapo itaongeza chumvi tu kwenye mizizi iliyojeruhiwa.

Ingiza kidole au kijiti sentimita 5 hivi ndani ya udongo kabla ya kumwagilia. Ukiwa umelowa na mmea umenyauka, acha maji, hakikisha tundu la chini la chungu halijaziba, na ikiwezekana ng'oa mmea, kata mizizi iliyooza na kuupanda upya kwenye udongo unaopitisha maji. Ukiwa mkavu, mwagilia taratibu hadi maji yafike chini, kwa kuwa udongo uliokauka sana huyasukuma maji pembeni na kuyaacha yapite bila kulowa.

Kunyauka kwa saa za adhuhuri kunakokwisha jioni si ugonjwa. Maji mengi sana yanayovutwa na mizizi, zaidi ya asilimia 95, hupotea hewani kama mvuke, na sehemu ndogo mno ndiyo inayotumika kutengeneza sukari. Mchana wa joto kali mzizi mzima kabisa huweza kuzidiwa kwa saa chache. Mmea unaoamka asubuhi ukiwa bado umenyauka ndio wenye shida.

Mashina marefu, majani madogo, rangi hafifu

Mmea unaorefuka kuelekea dirishani, wenye nafasi kubwa kati ya jani na jani, una njaa ya mwanga. Unatumia akiba yake kutafuta jua, na kuupa mbolea wakati huo ni kama kumwongezea mwendo mtu aliyepotea njia.

Ugumu wa tatizo hili unatokana na jicho letu. Jua la adhuhuri bila mawingu hutoa takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali chumba tunachokiona kuwa kina mwanga mzuri huweza kuwa na luksi mia chache tu, na mboni hujirekebisha bila kutuarifu. Kila mmea una kiwango cha mwanga ambacho sukari inayotengenezwa hulingana kabisa na inayochomwa kwa kupumua. Chini ya kiwango hicho mmea unaishi kwa akiba, na siku zake zinahesabika hata kama unaonekana mzima. Kwa anayetumia taa, ajue kwamba umbali kutoka kwenye taa ndogo ukiongezwa mara mbili, mwanga unaolifikia jani hubaki robo. Kuisogeza taa karibu mara nyingi hushinda kununua yenye nguvu zaidi.

Kinyume chake nacho huleta madhara. Mmea uliokulia kivulini una majani membamba yaliyojengwa kukusanya mwanga mchache. Ukiutoa ghafla juani, nguvu inayoingia huzidi ile inayoweza kutumiwa, na ziada hiyo huharibu protini za hatua ya kwanza. Madoa meupe au ya rangi ya majani makavu hujitokeza upande ulioelekea jua ndani ya siku chache, na sehemu iliyobabuka hairudi. Uhamishe mmea kwa awamu, ukianza na jua la asubuhi kwa saa chache, katika muda wa wiki moja hadi mbili. Majani mapya yatakayochipuka juani yatakuwa manene zaidi na yenye uwezo wa kustahimili.

Rangi ni nzuri lakini mmea haukui

Hali hii humchosha mtu kuliko zote, kwa kuwa jani halionyeshi kosa lolote. Anza na joto. Mimea mingi, pamoja na ngano, mpunga na maharage, hufanya usanisinuru vizuri katika nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi. Joto likipanda, rubisko huanza kukosea: badala ya kukamata hewa ya ukaa hukamata oksijeni, na mmea hulazimika kupoteza nguvu na sehemu ya kaboni yake kurekebisha kosa hilo. Mahindi, mtama na miwa vina utaratibu wa ziada unaoilimbikiza hewa ya ukaa karibu na rubisko, na ndiyo maana hustawi katika joto la nyuzi 30 na kitu ambalo maharage yaliyo kando yake hulitazama kwa uchovu. Mananasi na mimea mingi ya jamii ya kakati hufungua stomata usiku na kuzifunga mchana. Hukua polepole kwa asili, na hakuna cha kutibu.

Halafu fikiria hewa. Hewa ya ukaa ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa tunayoivuta. Katika banda lililofungwa kabisa, lenye mimea mingi na jua kali, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nusu yake kabla ya adhuhuri, na usanisinuru ukapungua huku kila kitu kingine kikiwa sawa. Kufungua madirisha ya banda hutosha. Mmea mmoja sebuleni hauna tatizo hili hata kidogo, kwa kuwa watu wanaopumua humo huirudisha hewa hiyo bila kukoma.

Ikiwa joto na hewa ni sawa, geukia usafirishaji. Jani lililojaa sukari isiyo na pa kwenda hupunguza lenyewe kasi ya kazi. Chunguza kama kuna waya, kamba au kibandiko kinacholikaba shina, kwa sababu floemu hupita karibu na gome na hubanwa kabla ya zailemu: maji huendelea kupanda, jani hubaki bichi, lakini sukari haishuki na mizizi hufa njaa. Mizizi iliyojisokota na kuujaza mtungi wote hutoa matokeo yanayofanana na hayo.

Jani lenye kijani kilichokolea kupita kiasi, linaloelekea zambarau hasa upande wa chini, huashiria upungufu wa fosforasi. Sukari hutoka ndani ya kloroplasti kwa kubadilishana na fosfeti inayoingia. Fosfeti ikikosekana, bidhaa hukwama ndani na kugeuzwa kuwa wanga. Lakini udongo wa baridi huleta zambarau hiyo hiyo kwenye miche michanga, kwa sababu mizizi yake haiwezi kuifikia fosforasi iliyopo, na udongo ukipata joto rangi huisha bila gharama yoyote. Subiri kabla ya kununua.

Jani limefunikwa au limetobolewa

Vumbi zito hupunguza mwanga na kuziba stomata. Futa kwa kitambaa laini chenye maji, na usipake mafuta ya kung'arisha, maana huziba vitundu hivyo hivyo unavyotaka kuvifungua. Ukungu mweusi kama masizi hauli jani. Huota juu ya majimaji matamu yanayodondoshwa na vidukari, inzi weupe au vidung'ata, na huisha wadudu hao wakidhibitiwa. Ubwiriunga, ule utando mweupe kama unga, ni tofauti, kwa kuwa kuvu wake hupenya ndani ya seli na kufyonza sukari iliyokwisha kutengenezwa.

Vidoa vingi mno vya ukubwa wa ncha ya sindano, vinavyolifanya jani lionekane limenyunyiziwa vumbi la manjano, ni kazi ya utitiri, ambao hutoboa seli moja moja na kufyonza vilivyomo, klorofili ikiwemo. Geuza jani utafute nyuzi laini za utando. Mabaka ya kijani kilichokolea na kijani hafifu yasiyofuata mishipa, pamoja na jani lililojikunja, huelekeza kwenye batobato la virusi. Mmea huo hautibiki na ni bora kuondolewa.

Manjano ya ghafla na rangi zisizo ugonjwa

Kama majani yamegeuka manjano kingoni na kati ya mishipa ndani ya siku chache, na kuna dawa ya magugu iliyopigwa karibu au iliyobaki kwenye udongo tangu msimu uliopita, basi usitafute upungufu wa virutubisho. Atrazini na diuroni huua kwa kuziba njia ya elektroni katika hatua ya kwanza ya usanisinuru. Nguvu ya mwanga ikikosa njia huliunguza jani kutoka ndani. Parakwati hufanya vivyo hivyo kwa kuziiba elektroni, na huunguza ndani ya saa chache jua likiwaka. Bomba la kunyunyizia lisilooshwa vizuri limeharibu mashamba mengi.

Majani yenye mabaka meupe ya asili hayana klorofili katika sehemu hizo, na mmea wa namna hiyo hukua polepole kwa kuwa una eneo dogo la kufanyia kazi. Majani mekundu au ya zambarau ya asili, kwa upande mwingine, yana klorofili yake kamili iliyofunikwa na rangi nyingine.

Kuthibitisha kwa iodini

Julius Sachs, mwanabotania wa Kijerumani, alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba wanga hujitokeza katika kloroplasti jani likipata mwanga, na kipimo chake bado kinafaa kwa anayetaka uhakika. Kata jani mchana baada ya saa kadhaa za jua, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha liweke ndani ya spiriti iliyomo kwenye chombo kinachokaa ndani ya maji ya moto hadi rangi ya kijani itoke. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo zima jiko kabisa kabla ya kuifungua na utumie maji yaliyokwisha kuchemshwa. Suuza jani, lidondoshee iodini, usubiri dakika chache. Buluu inayoelekea weusi ni wanga. Kahawia ya iodini ikibaki hivyo hivyo, wanga haumo.

Chukua jani linaloshukiwa na jingine zima la umri ule ule, uyapime pamoja. Sehemu ya manjano isiyobadilika kuwa buluu haikutengeneza akiba yoyote siku hiyo. Jani linalokuwa jeusi jioni ni la kawaida; linalokuwa jeusi vile vile alfajiri, baada ya usiku mzima, halikusafirisha kitu, na uchunguzi unarudi kwenye shina, mizizi na fosforasi. Usitumie kipimo hiki kwa kitunguu, kwa kuwa majani yake huhifadhi sukari bila kutengeneza wanga na yatakupa jibu la uongo.

Ukishafanya rekebisho moja, usifanye la pili kabla ya kuona jani jipya likifunguka kikamilifu. Jani lililopungukiwa na naitrojeni au magnesiamu huweza kurudisha kijani kwa kiasi, lakini lililobabuka au kukauka kingoni halitabadilika kamwe, na kulikodolea macho kila asubuhi hakukuelezi lolote. Lifunge uzi chipukizi la juu siku ya matibabu, ili yatakayotoka juu ya uzi huo yahesabiwe peke yake.